Kabla ya mlio wa kuanzia: kupasha misuli moto kunafanya kazi gani hasa?

Mkimbiaji wa mita 100 hufika kwenye uwanja wa mazoezi saa nzima au zaidi kabla ya mbio zake. Hukimbia taratibu, huinua magoti, hurukaruka, hujaribu kasi mara kadhaa, hurudia kuchomoka kutoka kwenye vibao vya kuanzia. Yote hayo kwa ajili ya kazi ya sekunde kumi na ushei. Mkimbiaji wa marathon, ambaye kazi yake itamchukua saa mbili na zaidi, hukimbia polepole dakika kumi au kumi na tano, hulegeza viungo, huenda haja ndogo kwa mara ya mwisho na kusogea mstarini. Mtu asiyeujua mchezo angetarajia kinyume chake: mwenye safari ndefu ndiye ajiandae zaidi.

Fumbo hilo halifumbuki ukichukulia kwamba kupasha misuli moto ni jambo moja. Ni kazi kadhaa zinazofanyika kwa pamoja, kila moja ina muda wake, na kila aina ya mbio inahitaji baadhi tu ya kazi hizo. Ushauri mwingi tunaopeana umezichanganya zote. Ndiyo maana utamkuta mtu ameinama kwenye baridi ya alfajiri, kashika vidole vya miguu kwa dakika tano, akiamini amejipasha. Na mwingine amecheza aerobiki nusu saa lakini anaanza mbio misuli ikiwa imeshapoa.

Tuanze na joto lenyewe. Misuli ya mapaja na vigimbi vya mtu aliyetulia huwa na nyuzi kama 33 hadi 35 za Selsiasi, pungufu ya zile 37 za ndani ya mwili. Ukianza kukimbia, robo hivi ya nishati inayotumika ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto, na joto hilo huanzia humo humo kwenye misuli. Hupanda haraka katika dakika 3 hadi 5 za kwanza, kisha hupanda kwa kusuasua mpaka linapotulia kati ya dakika ya 10 na ya 20. Makocha wanaosema "kimbia taratibu dakika kumi" hawakuokota namba hiyo njiani.

Faida yake imepimwa siku nyingi. Mwaka 1945 wanasayansi wawili wa Denmark, Asmussen na Bøje, walionyesha kwamba kadiri misuli ilivyopata joto ndivyo watu walivyomaliza kazi fupi na nzito ya baiskeli kwa haraka zaidi, na kwamba hata joto lililotoka nje ya mwili, bila mazoezi, lilisaidia. Mwaka 1979 Bergh na Ekblom wa Sweden wakaweka kiwango: nguvu ya kuruka na ya kuchomoka hubadilika kwa asilimia 4 hadi 6 kwa kila nyuzi moja ya joto la misuli. Kwa mtu anayeshindania mia za sekunde hicho si kitu kidogo. Misuli ikipata joto, kemikali zake hufanya kazi upesi zaidi, neva hupeleka ujumbe kwa kasi zaidi, hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, huiachia kwa urahisi zaidi, na majimaji yaliyo ndani ya viungo hupungua uzito hivyo goti na nyonga huzunguka bila kukwama.

Hapo mkimbiaji wa mita 100 anaanza kueleweka. Kila kitu chake kinategemea nguvu ya ghafla, hana kilomita ya pili ya kujirekebisha, na anataka misuli iwe na joto kamili katika sekunde ile ile bastola inapolia. Mtu wa marathon hahitaji hivyo. Kilomita zake za kwanza zitampasha zenyewe, na joto la ziada kwake ni mzigo, kama tutakavyoona.

Dakika tatu za kukosa pumzi

Kazi ya pili si ya joto, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Ukitoka kwenye kusimama ukaingia kwenye mbio, miguu inadai oksijeni nyingi papo hapo, lakini moyo, mapafu na mishipa ya damu haviwezi kuitikia papo hapo. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, na misuli hupata sehemu ndogo tu, kama moja ya tano. Nyingi huelekea kwenye ini, figo, utumbo na ubongo. Katika mbio kali moyo husukuma lita 20 na zaidi, na zaidi ya asilimia 80 ya damu hiyo huenda kwenye misuli. Lazima mishipa fulani ifunguke na mingine ibane, na hilo huchukua muda. Kwa mtu wa kawaida, matumizi ya oksijeni hufikia kiwango kinachotakiwa baada ya dakika mbili au tatu. Aliyefanya mazoezi kwa miaka hufika mapema zaidi.

Pengo la dakika hizo huzibwa na nishati isiyohitaji oksijeni, ambayo akiba yake ni ndogo. Ndiyo inayoleta ule mhemo na uzito wa miguu wa kilomita ya kwanza, unaowafanya wanaoanza mazoezi waseme mbio si za kwao. Mara nyingi shida si pumzi. Wameanza kwa kasi ya kilomita ya tatu wakati mwili bado uko kwenye kilomita sifuri.

Sasa chukua mita 800. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, mbio nzima ilikwisha katika muda ambao mwili wa mtu wa kawaida ungekuwa bado unahangaika kufikia kiwango chake cha oksijeni. Katika umbali kama huo, anayefika mstarini moyo na mishipa vikiwa vimeshaamka anatumia akiba ndogo zaidi mwanzoni, na anabaki na kitu cha mita 150 za mwisho.

Watafiti wa Uingereza walilipima jambo hili katika utafiti uliotoka mwaka 2013. Waliwachukua wakimbiaji 11 wa mita 800, wakawapasha kwa namna moja, kisha wakabadilisha sehemu ya mwisho tu. Siku moja walikimbia mara sita mita 50 kwa kasi. Siku nyingine mara mbili mita 50, halafu mita 200 mfululizo kwa kasi ya mbio yenyewe. Umbali ni ule ule, mita 300. Siku ya mita 200 walimaliza kwa wastani wa sekunde 124.5, na siku ile nyingine 125.7. Sekunde 1.2 kwa kasi hiyo ni zaidi ya mita 7, umbali unaotosha kumtenga mwenye medali na mtu wa nafasi ya nane.

Hapa kuna somo ambalo wakimbiaji wengi wa mitaani hawapendi kulisikia. Wanaogopa kukimbia kwa kasi kabla ya mbio kwa hofu ya "kumaliza nguvu". Kukimbia taratibu kunapandisha joto, lakini hakuuamshi mfumo wote wa oksijeni kwa kiwango cha mbio za kilomita 5 au chini ya hapo. Inabidi uguse kasi ya mbio kwa muda mfupi, kisha upumzike vya kutosha ili uchovu uondoke na faida ibaki.

Moyo nao una hoja yake. Mwaka 1973 watafiti wa California waliwapandisha wanaume wenye afya kwenye mashine ya kukimbilia na kuwakimbiza kwa nguvu sekunde 10 hadi 15 bila maandalizi yoyote. Wengi wao walionyesha dalili zisizo za kawaida kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Walipopasha mwili kwanza, dalili hizo zilipungua au zikatoweka. Haina maana kwamba kila anayekimbilia daladala bila kujipasha atakufa. Mwenye umri wa miaka hamsini anayerudi kwenye mbio baada ya muda mrefu ndiye mwenye sababu ya kuukumbuka utafiti huu, na mwenye maumivu ya kifua aanze kwa daktari kabla ya kununua viatu.

Kazi ya tatu ni ya neva na mpangilio wa mwendo: kuukumbusha mwili namna mguu unavyotua, goti linavyopanda na mkono unavyorudi nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya kuinua magoti, kupiga visigino makalioni, kuruka mguu mmoja mmoja na kupiga kasi mita 80 au 100 huku ukiwa umelegea. Bruda Colm O'Connell, mmisionari wa Ireland aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 na ambaye ndiye aliyemnoa Rudisha, anajulikana kwa kuyapa mazoezi hayo ya mbinu nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kujinyoosha si kujipasha

Kuna mazoea ya shule za msingi ambayo hayajatutoka: kuinama, kushika vidole, kuhesabu mpaka ishirini, kubadili mguu. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba misuli iliyovutwa hivyo haichaniki. Jeshi la Australia lilitoa nafasi nzuri ya kulijaribu wazo hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, askari wapya 1,538 waligawanywa makundi mawili na kufuatiliwa kwa majuma 12 ya mafunzo. Wote walijipasha kabla ya mazoezi. Kundi moja liliongezewa kunyoosha misuli mikuu ya miguu. Majeraha yakawa karibu sawa. Marekani nako wakimbiaji zaidi ya 2,700 waligawanywa kati ya kujinyoosha na kutojinyoosha kabla ya kukimbia kwa miezi mitatu, na katika kila kundi kama asilimia 16 waliumia. Walioumia zaidi ni wale walioambiwa waache ghafla mazoea yao ya kujinyoosha. Kwa hiyo kama umejinyoosha miaka kumi na uko salama, huna haja ya kuacha kesho.

Kuna hasara pia, ingawa imetiwa chumvi. Msuli ukivutwa na kushikiliwa kwa zaidi ya sekunde 60, nguvu yake hushuka kwa muda kwa wastani wa asilimia 4 hadi 5. Chini ya hapo upungufu ni kama asilimia 1 tu. Kano ya kisigino hufanya kazi kama mpira wa manati: inavutika mguu unapotua, inarudisha nguvu mguu unapoondoka. Tafiti kadhaa zimeona kwamba wakimbiaji ambao miguu na nyonga zao ni ngumu kidogo hutumia oksijeni pungufu kuliko wengine kwa mwendo ule ule. Kuulegeza mpira huo dakika tano kabla ya mashindano hakuna mantiki. Kubembea mguu mbele na nyuma, kuzungusha nyonga na kutembea kwa hatua ndefu kunafungua viungo bila hasara hiyo. Kunyoosha kwa kushikilia kuna nafasi yake, hasa kwa mwenye vigimbi vilivyokaza, lakini nafasi hiyo ni jioni au baada ya mazoezi.

Je, kupasha kwenyewe kunazuia majeraha? Hapa lazima tuwe wakweli kuliko mabango ya mashindano. Uholanzi mwaka 1993 wakimbiaji 421 wa kawaida walifuatiliwa kwa majuma 16. Nusu yao walifundishwa kupasha, kupoza mwili na kujinyoosha. Majeraha hayakupungua. Katika soka mambo ni tofauti: programu ya FIFA 11+, yenye mazoezi ya nguvu, mizani na kutua, imepunguza majeraha kwa kiasi kikubwa, lakini wachezaji wa soka hugeuka ghafla, huruka na kugongana. Majeraha mengi ya mkimbiaji, kama vile goti linalouma kwa mbele, ugoko na kisigino, hujengeka taratibu kwa kuongeza kilomita haraka kuliko mifupa na kano zinavyomudu, na hakuna dakika kumi za asubuhi zitakazofuta kosa la mwezi mzima. Inapoonekana zaidi faida ya kupasha ni siku ya kasi, ambapo msuli wa nyuma ya paja unaweza kushtuka na kuchanika kwa hatua moja.

Kundi moja lina sababu ya ziada: wenye pumu inayochokozwa na mazoezi. Kwa wengi wao, mbio fupi fupi zenye mapumziko kabla ya kazi kubwa hupunguza makali ya kifua kubana kwa muda fulani baadaye. Hilo haliondoi dawa ya kuvuta aliyoagizwa na daktari.

Kumsubiri mgeni rasmi

Tuje kwenye mbio zetu za hisani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wamejaa, spika zinavuma, mwalimu wa aerobiki yuko jukwaani na watu wanatoa jasho kweli kweli. Kisha tangazo: mgeni rasmi yuko njiani. Anafika, anasalimia, anatambulisha ujumbe wake, anashukuru wadhamini, anapigwa picha na kitambaa cha uzinduzi. Nusu saa imepita, fulana zimelowa, upepo unapuliza, na ndipo mbio zinaanza.

Kinachotokea kwenye misuli katika muda huo kinajulikana kutokana na soka. Mwaka 2004 watafiti walipima joto la paja la wachezaji wakati wa mapumziko ya dakika 15. Waliokaa tu walipoteza karibu nyuzi 2, na kasi yao ya mbio fupi ikashuka walipoanza kipindi cha pili. Waliokimbia kwa mwendo wa wastani kabla ya kurudi uwanjani hawakupoteza kasi. Yaani aerobiki ya jukwaani, hata ikiwa nzuri, huwa imeshapotea kabla hotuba haijafika kwa wadhamini. Anayetaka muda mzuri wa kilomita 5 ajitenge kando ya umati na kujipasha kwa ratiba yake, amalize kama dakika kumi hivi kabla ya kuanza, na akibanwa mstarini aendelee kuchezesha miguu pale pale. Fulana ya zamani ya kutupa baadaye inafaa Arusha, Njombe au Eldoret kuliko Tanga.

Kwa maana huku pwani hesabu hugeuka. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hata alfajiri joto huwa nyuzi 25 na zaidi, na unyevu wa hewa hauliruhusu jasho kukauka. Mkimbiaji wa kilomita 21 hana shida ya kupata joto; shida yake ni kulitoa. Joto la ndani ya mwili likikaribia nyuzi 40 mwili hupunguza mwendo wenyewe, utake usitake, na kila nyuzi uliyopandisha kwenye maandalizi imekusogeza kwenye ukomo huo mapema. Doha mwaka 2019 marathon ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kukwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Ruth Chepng'etich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda ambao kwa mwanamke wa kiwango chake ni wa taratibu. Miaka kumi na tano kabla ya hapo, kwenye joto la Athens, Mmarekani Deena Kastor alijiandaa kwa marathon ya Olimpiki akiwa amevaa fulana ya barafu, akaondoka na medali ya shaba. Kwa mbio ndefu kwenye joto, lengo ni viungo vilegee na moyo uamke huku mwili ukibaki baridi kadiri inavyowezekana: kutembea kwa haraka, kukimbia dakika tano kivulini, kunywa maji ya baridi, basi.

Siku zisizo na mashindano, ambazo ndizo nyingi, jambo lenyewe ni rahisi kuliko tunavyolifanya. Nenda Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, saa kumi na mbili asubuhi. Makundi yanayotoka hapo yana watu wanaomaliza marathon kwa mwendo wa karibu dakika 3 kwa kilomita, na bado kilomita zao za kwanza ni za kukokota miguu, kwa mwendo ambao mgeni kutoka Nairobi angeumudu akipiga soga. Hakuna anayejinyoosha barabarani. Mbio zenyewe zinapasha, kasi inapanda kidogo kidogo, na nusu saa baadaye yule mgeni kashaachwa.

Mchakamchaka ulifanya vivyo hivyo bila mtu kuutaja kwa jina la kitaalamu. Mtoto anayekimbia huku akiitikia wimbo hawezi kuzidisha mwendo, kwa sababu pumzi ya kuimba ingekatika. Vikundi vya jogging vya Dar vinavyopita mitaani Jumamosi na Jumapili kwa nyimbo na ngoma vimebeba kipimo hicho hicho. Ukiweza kuimba ubeti mzima, uko kwenye mwendo wa kupasha. Ukiweza sentensi fupi tu, umeshaingia kwenye kazi.

Alfajiri ina uzito wake wa ziada. Joto la mwili huwa chini kabisa saa chache kabla ya jua kuchomoza, kano za visigino zimekaza kwa kulala, na diski za uti wa mgongo zimefyonza maji usiku kucha kiasi kwamba mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Kuinama kwa nguvu dakika mbili baada ya kutoka kitandani ndilo zoezi baya la kuanzia siku. Afadhali kutembea mpaka barabarani, kukimbia kwa mwendo wa wimbo dakika kumi, na hapo kuendelea na safari yako kama ni siku ya taratibu.

Kama ni siku ya kasi, simama baada ya hizo dakika kumi au kumi na tano. Bembea miguu, inua magoti na piga visigino mita 30 mara chache, kimbia mita 80 mara nne au tano kwa kasi inayopanda, na kabla ya kurudia mita 400 zako au kilomita zako, weka mkimbio mmoja wa nusu dakika kwa kasi ile ile utakayoitumia. Tembea mpaka pumzi irudi. Wa mita 100 ataongeza hapo nusu saa nyingine. Wa kilomita 21 huko Tanga atakata nusu ya yote haya na kutafuta kivuli.